Siku Nzima na Redio ya Taifa Hapa Kirumba, Mwanza: Tuutetee Mchanganyiko wa Vipindi

Mshonaji wa Kirumba (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kibanda changu cha kushonea kipo Kirumba, karibu na mwaloni, yaani ufukwe wa kushushia samaki, mahali ambapo magunia ya dagaa hupita mbele ya mlango kabla jua halijachomoza. Ndani nina vyerehani viwili, meza ya kukatia vitambaa, pasi ya mkaa, na redio iliyofungwa kwa waya kwenye nguzo. Antena yake ilivunjika zamani, nikaiunga kwa waya wa shaba uliopanda hadi kwenye bati. Kitufe cha kutafutia stesheni nimekizungushia utepe wa gundi ili mteja asikisogeze, kwa maana pale kilipo ndipo ninapotaka kibaki: redio ya taifa, ile ya mazungumzo, ambayo wazee wetu waliiita RTD na sisi leo tunaiita TBC Taifa.

Wiki iliyopita kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza kwa adabu, "Fundi, mbona sisi hatusikilizi muziki kama wenzetu?" Niliona swali lake linastahili jibu la kweli, si la kumnyamazisha. Nikamwomba tusikilize pamoja siku moja, tangu tunapofungua hadi tunapofunga, bila kuzima na bila kuhama, kisha aniambie mwenyewe alichokipata. Nawaandikia tuliyoyasikia kwa sababu siku ile ilinithibitishia jambo ambalo nimekuwa nalo moyoni kwa miaka mingi: thamani ya redio ya namna hii haimo katika kipindi kimoja kizuri, bali katika kupangwa kwa vipindi visivyofanana, kimoja nyuma ya kingine, hata anayekisubiri hiki hana budi kukutana na kile.

Tulifungua saa kumi na mbili asubuhi. Zikapita habari, yakasomwa yaliyomo magazetini, kisha ikaja hali ya hewa. Mwenye mtumbwi mmoja aliyekuwa akipita na taa zake za sola begani alisimama mlangoni, akasikiliza utabiri wa Kanda ya Ziwa hadi neno la mwisho, akasema, "Asante, fundi," akaenda zake. Kijana alishangaa kwamba mtu anaweza kusimamisha safari kwa ajili ya hali ya hewa. Ikabidi nimweleze ninayoyajua. Ziwa letu, Victoria, lina eneo linalokaribia kilomita za mraba 69,000, na maji yake hayapoi upesi kama inavyopoa nchi kavu. Usiku, nchi kavu ikishapoa, upepo hutoka kila upande wa ufuko kwenda ziwani, pepo hizo hukutana, hewa hupanda na kufanya mawingu ya radi. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa hili hupiga usiku wa manane na alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wapo majini na taa zao. Mchana upepo hugeuka, na mvua huelekea kwetu huku nchi kavu. Kwa mtu wa Dodoma utabiri ule ni taarifa kama taarifa nyingine. Kwa mtu wa mwaloni ndio unaomwambia kama watoto wake walale na baba au bila baba.

Asubuhi ikaendelea na kilimo. Afisa ugani alieleza kwa nini mabua ya pamba yanapaswa kung'olewa na kuteketezwa baada ya mavuno, ili wadudu wasipate pa kujificha hadi msimu ujao. Sina shamba la pamba, lakini mama yangu mdogo wa Magu analo, na jioni nilimpigia simu kumweleza.

Saa saba mchana zilisomwa habari tena, na baadaye matangazo ya vifo. Hapa naomba nitue kidogo. Vijana wengi hawajui kwamba kabla ya simu za mkononi matangazo hayo ndiyo yaliyokuwa yakiunganisha koo zilizotawanyika nchi nzima. Mtangazaji alitaja jina la marehemu, akataja kijiji, kisha akaanza kuwaita ndugu mmoja mmoja: wa Tabora, wa Tanga, wa Mbeya, na mwisho yule ambaye hawakujua amehamia wapi, naye akaitwa "popote alipo". Baba yangu alizipata habari za kifo cha kaka yake wa Geita kwa njia hiyo, akiwa amekaa juu ya kigoda na suruali ya mteja magotini. Nilikuwa mtoto. Namkumbuka akichomoa sindano taratibu, akaichomeka kwenye ukosi wa shati lake, akasimama, akaipunguza sauti redio bila kuizima, kwa sababu huenda majina yangerudiwa.

Sasa nije kwenye saa ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Alasiri ulianza mchezo wa redio. Sauti tatu tu, mlango uliolia, na mvua iliyotengenezwa studioni. Kijana alikuwa akipiga mshono mrefu wa shuka, na katikati ya maneno ya mke na mume nikausikia mguu wake umesimama juu ya kanyagio. Hakujua kwamba amesimama. Mchezo ulipokatika mahali pa kumwacha msikilizaji na hamu, aliniuliza utaendelea lini, na wakati nikimjibu kipindi kingine kilikuwa kimeshaanza, cha afya, na mada ilikuwa kichocho.

Kijana huyu amekulia Kayenze, ameogelea tangu alipojua kutembea. Alisikia daktari akieleza kwamba konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi na majani ya ufukweni hutoa mabuu wadogo wasioonekana kwa macho, na kwamba mabuu hao hupenya ngozi ya mtu aliyesimama ndani ya maji, akiwa anafua, anaoga au anavuta nyavu. Kisha minyoo hukaa mwilini kwa miaka, na mayai yao huharibu utumbo na ini. Alinigeukia akasema, "Fundi, mimi nilidhani kichocho kinatokana na kunywa maji machafu." Miaka kumi na tisa kando ya ziwa, na hakuna aliyekuwa amemweleza kwa namna hiyo. Asingekitafuta kipindi hicho. Hakuna kijana wa miaka kumi na tisa anayeandika neno kichocho kwenye simu yake siku ambayo hana maumivu. Kilimpata kwa sababu alikuwa ameketi akiusubiri mchezo, na waliopanga ratiba walijua kwamba mtu akishavutwa na mchezo masikio yake hubaki wazi kwa muda kidogo hata baada ya mchezo kwisha.

Jioni ilikuwa ya michezo, na kwa kuwa Pamba Jiji imerudi Ligi Kuu tangu mwaka 2024, kibanda kilijaa watu ambao hawakuwa na nguo ya kushona. Tulifunga baada ya habari za saa mbili usiku.

Kazi hii haikuanza jana. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951, baadaye ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kwa majuma 12, wakisikiliza kipindi, wakisomewa kijitabu, wakijadiliana, kisha wakitoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba zao. Wale wale waliokusanyika kwa ajili ya vyoo ndio waliokuwa wakisikiliza kipindi cha Mama na Mwana pamoja na watoto wao, na wakicheka na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi. Mtu mmoja, redio moja, mambo mengi.

Hofu yangu ni kwamba mashindano ya kutafuta wasikilizaji yatawashawishi wapangaji wa ratiba kupunguza mazungumzo na kuongeza nyimbo na salamu, saa baada ya saa, hadi siku nzima iwe na ladha moja. Naomba maoni yenu, hasa ninyi mlio kando ya ziwa.

Mama wa Igombe

Kaka mshonaji, nimekusoma kwa makini, nami nina ushuhuda.

Naanika dagaa Igombe. Kazi yetu ni ya kuinama na kugeuza, kuinama na kugeuza, na mvua ikitishia ni kukimbilia maturubai. Redio yangu ndogo huikalisha ndani ya sufuria tupu, kwa sababu sufuria huikuza sauti na kuikinga na mchanga. Mawe ya redio yakianza kuchoka nayaanika juani pamoja na dagaa, nayo hupata nguvu ya siku moja au mbili zaidi.

Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walisema shamba la kijijini kwetu Sengerema linarudi kwenye ukoo. Nilikubali, kwa maana niliamini ndivyo mila ilivyo na ndivyo serikali inavyojua. Siku moja nilikuwa nasubiri kipindi cha mapishi, na kabla yake kulikuwa na mwanasheria akizungumzia Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Alisema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo. Alisema pia kwamba Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Niliacha dagaa bila kugeuzwa. Nilikwenda kijijini, nikaomba baraza likae, na niliposimama niliwaona wale wanawake watatu wamekaa palepale kama alivyosema. Shamba ninalo hadi leo, ninalima mihogo.

Ninachotaka wenzangu waelewe ni hiki: sikujua kwamba nina swali. Mtu asiyejua kwamba ana swali hawezi kwenda kulitafutia jibu. Ni lazima jibu limkute akiwa kazini, mikono yake ikiwa na magamba.

Kijana wa Buhongwa

Shikamooni wakubwa. Naheshimu mliyoyasema, ila naomba niwe upande wa pili kwa nia njema.

Sisi tuliokua na simu hatukai tukisubiri. Nikitaka habari za kichocho nazipata kwa dakika moja, na nikitaka mchezo nausikiliza wote bila kukatishwa. Pili, na hili linaniuma zaidi, redio ya taifa kwa muda mrefu imekuwa ikitusemesha kuliko kutusikiliza. Unaweza kusikiliza siku nzima ukasikia sauti za ofisini, za Dar es Salaam na Dodoma, usisikie hata mara moja sauti ya mvuvi wa Ukara au ya mkulima wa Kwimba akieleza jambo analolijua kuliko afisa yeyote. Mchanganyiko wa mada peke yake hautoshi ikiwa wasemaji ni wale wale. Mnatetea ratiba, mimi nauliza ni nani anayezungumza ndani ya ratiba hiyo.

Msafiri wa Nyegezi

Ndugu zangu, nilifanya kazi za usiku kwa miaka kadhaa katika nyumba ya kutunzia wazee huko Hull, Uingereza, mji wa bandari, na wazee wale walinifundisha kusikiliza BBC Radio 4. Naandika kwa sababu jambo analolitetea mshonaji nililiona likifanya kazi kwa watu wengine kabisa.

Stesheni hiyo ilianza kwa jina hilo tarehe 30 Septemba 1967, nayo ni ya mazungumzo karibu saa zote: habari, mijadala ya sayansi na historia, michezo ya redio, vichekesho, vitabu vinavyosomwa sura kwa sura, na ibada. Kuna tamthilia iitwayo The Archers, ambayo imekuwa ikisikika nchi nzima tangu Januari 1951, na ilianzishwa ili kuwafikishia wakulima maarifa ya kuongeza mavuno wakati ambao chakula kilikuwa bado kinagawiwa kwa mgawo baada ya vita. Zingatieni mwaka: ni mwaka ule ule wa Sauti ya Dar es Salaam. Mahindi ya mkulima na ugomvi wa wapangaji katika mchezo mmoja.

Ila kilichonishika moyo zaidi ni utabiri wa bahari. Baada ya saa sita usiku msomaji hutaja tahadhari za upepo mkali, kisha huzitaja sehemu 31 za bahari kwa mpangilio usiobadilika: Viking, North Utsire, South Utsire, Forties, Cromarty, Forth, Tyne, Dogger, Fisher, German Bight, na kuendelea hadi aizunguke nchi yote. Mzee mmoja niliyekuwa nikimhudumia alikuwa mvuvi zamani. Hakuwa na chombo tena na miguu yake haikufika hata dirishani, lakini jina la Dogger lilipotajwa alinyamaza na kuinua kidole, nami nilijifunza kusubiri hadi litajwe na kupita ndipo nimgeuze ubavu. Nami, mwana wa Nyegezi, kila usiku nilijiuliza kwa nini hatuna msomaji anayetaja kwa mpangilio Ghuba ya Mwanza, Ghuba ya Speke, Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, hadi alizunguke ziwa letu.

Neno kwa kijana wa Buhongwa: redio ile haitegemei matangazo ya biashara, kwani hulipiwa na ada ya leseni ya televisheni inayotozwa kwa kaya. Kwa hiyo hakuna mfanyabiashara wa kumwambia mpangaji wa ratiba kwamba kipindi cha falsafa hakiuzi sabuni. Tukitaka mchanganyiko udumu, lazima tuzungumze pia kuhusu nani anaulipia.

Mshonaji wa Kirumba (mleta uzi)

Nawashukuru nyote. Nianze na kijana wa Buhongwa, kwa sababu amenigusa.

Mwanangu, kuhusu sauti umesema kweli, wala sitakupinga. Vipindi virekodiwe mialoni, mnadani, na kwenye foleni ya kivuko, na mvuvi aulizwe kama mtaalamu, si kama shahidi wa matatizo yake. Kuhusu simu, dada yetu wa Igombe amekujibu kuliko ninavyoweza mimi. Naongeza ushahidi mmoja tu, ambao unalijibu pia swali la kijana wangu kuhusu muziki.

Mwaka 1993 RTD ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa mfululizo uliolenga uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Wengi mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa malori, na mkewe Tunu. Ili kupima kama mchezo unafanya kazi kweli, mtambo wa Dodoma haukuurusha kuanzia 1993 hadi 1995. Wasikilizaji wa huko walipigiwa muziki saa hiyo. Sisi wa Mwanza tulipata mchezo. Watafiti walipolinganisha, waliona kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule mchezo ulikosikika kuliko Dodoma, na kwamba watu wengi waliousikia walisema wamebadili mwenendo wao ili kujikinga na UKIMWI. Baadaye Dodoma nao wakapewa. Muziki ni mzuri, nami naupenda siku za harusi, lakini saa ile ya muziki haikufanya kazi iliyofanywa na Mkwaju na Tunu.

Msafiri wa Nyegezi, wazo lako la kulizunguka ziwa kwa majina limeninyima usingizi kwa uzuri wake. Niliposoma orodha yako kwa sauti hapa kibandani, kijana aliacha kukata kitambaa akasema, "Umeruka Juma Island." Ameshaanza kuidai redio iwe yake.

Mama wa Igombe

Kabla hamjafika mbali, kuna jambo la saa. Utabiri ukisomwa baada ya habari za saa mbili usiku, mitumbwi ya dagaa imeshaondoka tangu jua linatua. Katika siku za giza, ambapo hakuna mwezi na ndipo wanavua hasa, atakayeusikia ni mke aliyebaki nyumbani, na hana njia ya kumrudisha mumewe. Utabiri wa ziwa usomwe saa kumi jioni, wakati wavuvi wanajaza mafuta na kukagua taa. Usiku urudiwe, kwa ajili ya wenye redio majini.

Na siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wote wapo nchi kavu na hawana kazi ya usiku, ndizo siku za kuwawekea vipindi virefu: sheria, afya, mikopo, uokoaji. Wamekaa vikundi vikundi kuzunguka redio moja. Anayepanga ratiba kwa kalenda ya ukutani peke yake anawakosa; atazame na mwezi.

Mshonaji wa Kirumba (mleta uzi)

Dada, hilo la saa kumi na hilo la mwezi sikuwa nimelifikiria, na nimekaa mwaloni maisha yangu yote. Tuandike barua. Itaomba mambo matatu: utabiri wa ziwa usomwe saa kumi jioni kwa kutaja ghuba na visiwa kwa mpangilio mmoja usiobadilika, mchezo wa redio na kipindi cha afya vibaki vimefuatana kama vilivyo, na vipindi virekodiwe mialoni kwa sauti za wenyewe. Kijana wa Buhongwa, naomba wewe uandike sehemu ya sauti, kwa kuwa unaijua zaidi.

Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi daftari la saini litakuwa mezani kwangu. Asiyeweza kuandika aje na jina lake, kijana wangu atamwandikia. Jumatatu kijana atachelewa kufika, kwa sababu anakwenda zahanati kupima kichocho. Ameomba ruhusa mwenyewe, na ameniomba nimsimulie mchezo utakapofikia endapo hatakuwa amerudi.